Nukuu Mbili za Mjomba

Mjomba,

Arobaini yako imepita na bado nina hasira nawe. Siwezi kuanza kwa shikamoo.

Wiki hii nimekalia kiti chako cha usajili pale zahanati. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Kikoneni na mwanawe mwenye homa. Nikaandika herufi tatu za jina, nikabonyeza Tab ili mashine imalizie yenyewe, kama ulivyonifunza. Halikutokea jina. Nikamwambia hayumo.

"Dada, jana si wewe uliyeniandika? Au nimebadilika sura kwa usiku mmoja?"

Foleni ikacheka. Mtoto alikuwa anatetemeka, na faili la dawa alizopewa siku iliyotangulia lilikuwa humo humo, silioni.

Nililipata kwa kupekua moja moja. Kisha nikafungua skripti yako, yale maagizo uliyoiandikia mashine. Majina yote yamo ndani ya kigeu kimoja, kama kapu, nawe ulikizungushia alama za nukuu mbili ("). Hapo mashine hukifungua mara moja tu, inapowashwa, ikashika majina ya wakati ule. Anayeandikwa baadaye haonekani mpaka izimwe na kuwashwa tena. Ungeweka nukuu moja ('), kingefunguliwa upya kila Tab inapobonyezwa. Basi. Ni hilo tu.

Juu ya mstari huo uliandika: "Zima, washa kila asubuhi kabla ya wagonjwa. Mwanasiti asijue, atanicheka."

Nilitoka nje nikasimama juani.

Kwenye arobaini daktari alikusifu kuwa hakuna aliyewahi kukutangulia kazini. Kliniki yako ya moyo ilikuwa Msambweni, Jumanne asubuhi, na ulikuwa huendi. Nikikuuliza, ulisema mashine ina mambo yake asubuhi, nikuache. Mama alikulilia uende, dada yako wa tumbo moja. Ukavaa viatu ukaondoka kwenda zahanati.

Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mpaka unune, kisha ningebadilisha alama mbili, na Jumanne ingekuwa yako, ya kwenda kliniki. Ulinisomesha ili nije nimsaidie nani, Mjomba? Nani?

Nimerekebisha. Anayeandikwa sasa huonekana papo hapo. Maneno yako sikuyafuta. Nakuahidi jambo moja: nikikwama, nitauliza, hata kama wa kuulizwa ni mtoto niliyemfunza kushika kalamu.

Mungu akurehemu. Yasini nakusomea nyumbani. Kaburini nitakuja hasira ikishuka, nisije nikakugombeza mbele ya majirani zako.

Mwanasiti