Tumbo la Nondo wa Butiama

Kwako baba, huko uliko,

Shikamoo. Barua hii naiandika hadharani ili yeyote aisome, na nina sababu. Nilichokukosea nilikiandika hadharani pia, kikafungwa kwa jalada gumu na kuwekwa maktaba. Kwa hiyo siwezi kuja kukunong'oneza pale kaburini halafu nikajiona nimemaliza.

Nianze na habari. Wale nondo wadogo wa kijivu, wenye ukingo wa rangi ya chai ya maziwa kwenye mabawa, wamepata jenasi yao. Si spishi mpya tu ndani ya kundi linalojulikana. Ni kundi jipya lenyewe, kama ukoo ambao haujawahi kuandikwa kwenye daftari la kijiji. Makala imekubaliwa. Nimeisoma mara nne nikitafuta kosa, unanijua nilivyo.

Unakumbuka siku niliyokuja kukuambia ninachokwenda kusomea? Ulikuwa kwenye kibanda chako cha saa pale Musoma mjini, lenzi jichoni, umeinamia saa ya mtu. Ulisikiliza bila kuinua kichwa. Jioni ile jirani yetu wa Bweri, aliyekuwa anajenga, alimuuliza mama kama binti yake anaweza kumpatia nondo za milimita kumi na mbili kwa bei ya chuo. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Mimi nilikasirika, maana wakati ule nilikuwa najichukulia kwa uzito mno.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Bunda, nondo ambao viwavi wao hutoboa vitumba vya pamba. Butiama ulijiongezea mwenyewe. Ulikuwa unakwenda kule kila Ijumaa kuangalia ng'ombe, ukasema shuka jeupe na taa ya sola si mzigo. Nikakupa chupa ya dawa, maboksi na lebo. Jioni ulikuwa unatundika shuka na taa ukutani, unakwenda zako kulala, na alfajiri unashindana na kuku. Ujumbe wako mmoja nilikaa nao kwenye simu miaka: "Leo kuku wamewahi. Nimeokoa sita." Wenzangu maabara walikuwa wananiuliza mkusanyaji wangu wa Butiama ana shahada gani.

Kisha ukaniuliza kwa nini nalihitaji sana tumbo. Nilijua siku hiyo ingefika, na wewe ni mzee wa kanisa. Nikakuambia tu: tunaangalia viungo vya uzazi vya dume. Ulitoa lenzi jichoni, ukaangalia mlangoni kama kuna mteja.

"Sasa mama, mtu akiniulizaga kanisani unasomea nini, nimjibu hiyo?"

"Sema anatomia, baba."

"Anatomia," ulirudia polepole, na tangu Jumapili ile kanisa zima likajua kwamba Wakuru anasomea anatomia.

Nilikueleza kwamba mabawa yanadanganya. Nondo wawili wanaweza kufanana rangi, madoa, hata ukubwa, na wasiwe ndugu wa karibu. Ndani ya ncha ya tumbo la dume kuna vibano viwili vya kumshikia jike, na kila kundi lina umbo lake. Wanafunzi wenzangu walihitaji muhula mzima kulielewa hilo. Wewe ulisema, "Kumbe ni kama saa. Nje zote zinameta. Ukifungua mfuniko ndiyo unajua imetoka kiwanda gani." Nilikuonea fahari sana siku ile na sikukuambia.

Sasa tuje kwenye namba tisa. Kwenye boksi lako la mwisho dume alikuwa mmoja tu wa aina ile ya kijivu, mwenye lebo namba tisa, waliobaki wote majike. Nililitoa tumbo, nikalichemsha kwenye dawa kali inayoyeyusha nyama na mafuta, nikasafisha kilichobaki kwa brashi ya nywele tatu. Chini ya hadubini nikaona kibano cha kushoto kirefu, kina ndoano kwenye ncha. Cha kulia kifupi, butu. Mabawa yake, mishipa na kila kitu, yalikuwa yananielekeza kwenye jenasi ambayo vibano vyake viko sawasawa kushoto na kulia. Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Wiki ile ile nikawatangazia idara nzima kwamba nina jenasi mpya kutoka Butiama.

Msimamizi wangu ni mama mmoja mtaratibu, hana maneno mengi. Alimchukua nondo mwenyewe, aliyebaki na kichwa, kifua na mabawa, akamgeuza chini ya hadubini. Akaniita. Pale tumbo lilipokuwa limeungana na kifua palikuwa na kidoa kinachong'aa.

"Hii ni gundi," alisema. "Nani alibandika?"

Katika kazi yetu hilo ni janga. Matumbo hukatika, mtu mwema anaokota tumbo la huyu anamgundishia yule, na msomi anakuja kuandika habari za mnyama ambaye Mungu hakumuumba. Nilikupigia hapo hapo, nimesimama koridoni.

"Ee mama, lilikuwa limekatika njiani, nikalirudishia," ulisema. Ulikuwa na furaha kwamba nimeona. "Kwani limekaa vibaya?"

"Baba, umeniharibia kazi. Utajuaje tumbo lipi ni la nani?"

"Nimemrudishia mwenyewe. Mimi nachanganyaga vitu vya watu?"

"Hizi si saa, baba! Usinikusanyie tena."

Kisha ukasema, "Haya mama. Umekula?"

Baada ya hapo tuliongea habari za mvua, ng'ombe na presha yako. Habari za nondo hukuzigusa tena, na mimi nikaona ni vizuri, tumeelewana. Nikamaliza tasnifu kwa nondo wa Bunda peke yao. Kwenye sura ya tatu niliweka sentensi moja ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili ni hii: vielelezo vya Butiama havikutumika kwa sababu mkusanyaji alivichanganya. Nilileta nakala nyumbani, ukaishika kwa mikono miwili, ukaiweka juu ya kabati la vyombo. Miezi minne baadaye presha ikakuchukua.

Mwaka uliofuata tulikwenda Butiama kuweka msalaba. Asubuhi ya ibada niliamka kutafuta maji ya kunawa, taa ya nje ilikuwa bado inawaka, na chini yake ukutani walikuwa wametulia nondo watano wa kijivu, ukingo rangi ya chai ya maziwa. Watu walikuwa wanapanga viti. Mimi nikapanda ndoo nikiwa na gauni la ibada, na kopo tupu la majani ya chai mkononi. Shemeji zako walidhani huzuni imenipanda kichwani. Watatu walikuwa madume, wazima, hakuna aliyemgusa mwingine.

Nilipofika maabara nilianza na wa kwanza. Kibano cha kushoto kirefu, ndoano kwenye ncha. Cha kulia kifupi, butu. Wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Nikaitoa slaidi ya namba tisa, nikaiweka kando yao, na sikuona tofauti hata ya unywele. Lilikuwa tumbo lake. Nilifunga mlango nikalia, baba, na haikuwa furaha.

Nilimpigia mama nikamuuliza ulikuwa unawafanyia nini wale wadudu. Alishangaa kwamba sijui.

"Si alikuwaga anaweka kila mmoja na kifuniko chake? Meza yote vifuniko vya soda, na kila kifuniko na karatasi ya namba. Kikikatika kitu kinabaki mule mule na mwenyewe. Chakula tulikulia chini wiki nzima. Nikimwambia toa hizi takataka, ananiambia, 'We mama, hizi ni saa za Wakuru.'"

Nimekulia chini ya ile meza ya kibandani. Kila saa uliyoifungua ilikuwa na kifuniko chake, na sijawahi kusikia mteja amerudi kudai mshale au skrubu ya saa yake imeingia kwenye ya mtu mwingine. Nilikuwa na ushahidi wa miaka ishirini, na sikuuliza hata swali moja.

Nilidhani ndiyo mwisho, lakini mama hakuwa amemaliza.

"Na ile kitabu yako aliisoma."

"Ya Kiingereza?"

"Hakuijua, lakini alikuwa anatafuta Butiama. Alivaa lenzi yake, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, siku mbili. Akaipata. Akaipeleka Mwisenge kwa mwalimu wa sekondari amsomee hapo."

"Akasemaje aliporudi?"

"Akasema, 'Mwalimu amenisomea.' Akaomba chai."

Kwa hiyo ulijua. Ile miezi minne ulipokuwa unaniuliza kama nimekula, ulikuwa umeshasomewa kwamba mkusanyaji alichanganya. Na ulijua hukuchanganya. Nimejaribu kukasirika kwamba hukunitetemesha kwa simu moja tu, maana wewe si mtu wa kunyamazia fundi mwenzako akikusingizia. Naona ulinihesabu mimi kuwa ni mtoto, si fundi.

Tulipoandika makala, msimamizi alishauri namba tisa abaki nje, kwa kuwa tunao wazima wa kutosha. Alikuwa anasema kweli. Kielelezo kikuu, kile ambacho jina litakishika daima, hakiwezi kuwa na gundi, na sikulibishia hilo. Nimechagua mmoja wa wale wa ukutani. Lakini nilikataa namba tisa aondoke kwenye orodha. Tulivutana siku tatu. Mwishowe akasema, "Basi andika ukweli wote, gundi na yote," na ndicho nilichokuwa nataka.

Mama amenuna kwa sababu jenasi haina jina lako. Jina lake linatokana na vile vibano visivyolingana. Jina lako ningeliweka, watu wangepiga makofi, na kosa langu lingejificha humo. Sikutaka ulipokee pongezi mahali nilipopaswa kukuomba radhi.

Katika kazi yetu mtu akikosea kwa maandishi, husahihisha kwa maandishi. Anataja kilichosemwa, ukweli ulivyo, na aliyekosea. Maktaba wamekubali kubandika karatasi kwenye tasnifu yangu, sura ya tatu, juu ya sentensi ile. Safari hii nimeiandika kwa Kiswahili, usihitaji kwenda Mwisenge:

Kielelezo namba tisa, dume, Butiama. Tumbo lilikatika, likarudishwa kwa gundi na mkusanyaji. Ni tumbo lake mwenyewe. Mkusanyaji hakuchanganya kitu. Aliyekosea ni mwandishi.

Nisamehe, baba. Ulale vizuri.

Ni mimi mwandishi, binti yako,
Wakuru