Tangazo la Fundi Athumani

Kikwajuni, Unguja
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote nataka kujua goti lako linaendeleaje, maana mdogo wangu Bhoke aliniambia siku hizi unateremka kisimani kwa fimbo. Na ulezi, mliuanika ukakauka kabla mvua haijarudi? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, chuoni naenda. Kwenye simu hayo ndiyo unayoniuliza na hayo ndiyo ninayokujibu, kisha tunaagana, nami nabaki nimeshika simu. Ndiyo maana leo nimeona niandike. Bhoke akusomee polepole, asiruke maneno.

Watu wa hapa ni wema, mama, na salamu zao ni ndefu kuliko za kwetu. Lakini ikifika Ijumaa wenzangu wa darasani wanakwenda kwao, huyu Makunduchi, huyu Bububu, huyu mtaa wa pili tu kwa khalati yake, ndivyo wanavyomwita mama mdogo. Mimi narudi chumbani kwangu. Kuna Jumamosi jua linazama sijafungua mdomo. Mtu anayesomea utangazaji, siku nzima hana wa kumwambia neno.

Na mdomo wenyewe ulinipa tabu. Unajua sisi Wakurya l na r kwetu ni mtu na pacha wake. Siku ya kwanza nilipoitwa kusoma habari mbele ya darasa nikasema "reo asubuhi". Wote wakacheka, nami nikacheka nao ili yaishe. Mwalimu wetu wa matamshi, Bi. Rukia, mama mtu mzima aliyetangaza redioni miaka mingi, hakucheka. Aliniambia, "Sauti unayo, Mwita. Ulimi ndio bado haujavuka maji." Tangu hapo kila asubuhi nauelekea ukuta na kusoma kwa sauti: leo, lala, lulu, alasiri.

Muhula huu tumepelekwa kwenye redio kujifunza kazi. Yangu ni redio ndogo, ipo ghorofani Mji Mkongwe. Wenzangu waliwekwa studio, mimi nikawekwa mapokezi, kupokea matangazo ya vifo. Huku mtu akifariki, jamaa zake wanakimbilia redioni ili kisiwa kizima kisikie na watu wawahi maziko. Tangazo linataja jamaa wote: marehemu ni mama wa fulani, dada wa fulani, khalati wa fulani wa Kizimkazi. Naandika, nampelekea mtangazaji. Sikufichi, mama, kazi hiyo ilinielemea. Kila jina linalokuja limeshikwa na majina mengine kila upande. Nikawa najiuliza, nikianguka mimi hapa, nani atapanda ngazi zile, na akifika aseme mimi ni nani wa nani?

Wiki iliyopita asubuhi alipanda Mzee Haji, muuza kahawa wa mtaani kwetu, ambaye nilimjua kwa sura tu. Alikuja kutangaza kifo cha Fundi Athumani, mshona magodoro, mtu wa bara aliyekuja Unguja ujanani kutoka upande wa Songea na hakurudi tena.

"Watoto wake?" nikauliza.

"Hakujaaliwa."

"Mke?"

"Keshatangulia."

"Ndugu?"

"Wako huko kwao, kama wapo. Sisi hatuwajui."

Kalamu ikasimama. Tangazo lilikuwa jina na saa ya maziko, basi. Nikamuuliza, "Kwako wewe alikuwa nani?"

"Mimi nlikuwa nkimwita kaka. Wanangu, Salma na Yussuf, wanamwita babu. Mke wangu kila Ramadhani akimpelekea futari. Andika hivyo."

Msimamizi wetu, Bwana Othman, akasoma juu ya bega langu. "Hawa si jamaa, ni majirani," akasema. "Utaratibu ni jamaa."

"Nnasema ni kaka yangu," Mzee Haji akajibu, bila kupandisha sauti. "Anayekataa aje anambie msibani."

Bwana Othman akatazama saa. Mtangazaji wa zamu alikuwa amekauka sauti kwa mafua. Akanirudishia karatasi. "Basi soma wewe. Kama ilivyo."

Niliingia studio, taa nyekundu ikawaka, nikasoma. Marehemu ni kaka wa Haji, babu wa Salma na Yussuf, na jamaa wa watu wote wa mtaa wake. "Leo" ilitoka vizuri. Nilipofika "alasiri" nikasema "arasiri", kisiwa kizima kikasikia. Nikatoka nimeinamisha kichwa. Mzee Haji alikuwa bado amekaa kwenye benchi la mapokezi, akisikiliza. Akanambia tu, "Ahsante, mwanangu," akateremka.

Saa ya maziko ilipofika nilikwenda msikitini, nikasimama nje. Nilidhani nitakuta watu wachache. Uchochoro ulikuwa umejaa: wapiga pasi, wanafunzi wa madrasa, mzee mmoja wa Kihindi aliyefunga duka lake, funguo bado mkononi. Wengine niliwasikia wakiambiana kuwa wametoka shamba, vijiji vya nje ya mji, baada ya kusikia redioni. Jeneza lilipotoka likawa linapita juu ya mabega, kila mtu akilibeba kidogo na kumpisha mwingine. Mtu mmoja akanigeukia, "Wewe jamaa yake?" Nikamjibu, "Mimi mgeni." Akanivuta mkono. "Basi shika hapa."

Nikatia bega. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia. Machozi yakanitoka, wala si kwa ajili ya Fundi Athumani peke yake.

Gari lililopakia jeneza lilipoondoka kwenda makaburini, waliobaki walitawanyika wawili wawili, wakizungumza. Mimi nikarudi peke yangu, nikachemsha chai, nikaiacha ikapoa. Nisikudanganye kwamba upweke umekwisha.

Darasani nilikuta Bi. Rukia alishanisikia. "Alasiri," akasema. "Rudia." Nikarudia mpaka akaridhika. Kisha akaniambia ameshazungumza na Bwana Othman, nitaendelea kusoma matangazo ya vifo hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Krismasi sitakuja, mama. Najua jogoo ulishamtenga.

Kimoja kimebadilika. Tangu maziko yale Mzee Haji ameshalijua jina langu, na kila asubuhi akipita chini ya dirisha langu na dele, birika lake la kahawa, anaita, "Mwita, upo?" Nami naitika, "Naam, nipo." Hasimami, anakwenda zake. Juzi hakupita. Kufika mchana sikuweza kutulia, nikaenda kwake. Alikuwa na homa, amejifunika shuka. Nikasimama mlangoni nikamuuliza kama yupo. Akacheka mpaka akakohoa.

Nisalimie shangazi Ghati, aliyenifungia mizigo ya safari, na baba mdogo Marwa. Bibi mwambieni asijisumbue kuweka sikio kwenye redio, ya huku haifiki Tarime. Bhoke namtakia mitihani myema.

Jibu lako lisije kwa simu. Mwambie Bhoke aandike kila unalosema, kama unavyolisema, na ukikatiza maneno kufukuza mbuzi, aandike na hilo.

Mwanao akuwazaye,
Mwita