Sufuria Iliyobaki Mgodini

Shangazi, shikamoo kutoka ng'ambo ya Mwanza. Jua kali, ila sato wa ziwani ni watamu.

Napima maji yaliyojaa kwenye mgodi wa dhahabu uliofungwa zamani, maana kuna wawekezaji wanautaka. Wiki iliyopita mzee aliyewahi kuchimba humo aliniuliza kama maji yamefunika mahali walipokuwa wakila mchana. Nikamwambia yamefunika kabisa. Akashusha pumzi.

"Niandikie hivyo. Niliacha sufuria ya mke wangu huko, na mpaka leo ananiuliza."

Nikaandika, akanipeleka kwake. Mkewe akasoma polepole, akaikunja ile karatasi.

"Sawa, mwanangu. Yakianza kupungua, uje uniambie."

Tangu hapo mzee hanisemeshi. Mguu wako upone, shangazi yangu. Nimekukumbuka mno.

Wako, Deo