Kiatu cha Kulia

Mama Neema wangu huko Newburg, pokea salamu zenye baridi ya Buffalo na joto la mumeo.

Nimekipata! Miaka sita umenicheka kwa kile kiatu kidogo cha kale, kilichofinyangwa kwa noti za dola zilizosagwa, kisicho na mwenzake. Columbus nilinunua kingine, kumbe nacho ni cha kushoto. Leo, kwenye soko la vitu vikuukuu Cheektowaga, nikiwa nimeshika kingine cha aina ile, kaka yako Yona, na Kifaransa chake, akaniuliza, “Bon, shemeji, unanunua udongo?”

Nikamwonyesha chembe za noti. “Hiki ni sombe ya dola, noti zilizotwangwa kama kisamvu, tena cha kulia!” Machozi yakanitoka.

“Kweli ni cha kulia,” akasema.

Ondoa redio juu ya kabati, mpenzi, jozi ipate mahali pa kukaa. Mungu akulinde, na Yona akikupigia kunicheka, mwambie kwamba mumeo ameshinda.