Mstari wa Kijani kwenye Gari Yangu

Jadida, Wete. Alhamisi, Agosti 1961

Jua limewaka tangu asubuhi, jua zuri la kukaushia vanishi, nami roho yangu imeingia giza.

Wiki nzima nimekuwa na gari tu. Zuwena, binti wa kaka yangu Bakari, anaolewa leo Gando, na tangu akiwa mdogo, akipanda gari hii kwa kusimama juu ya kiti, nilimwahidi: siku yako nitakupeleka miye. Gari kuukuu. Niliinunua haina hata rejeta, na kila kilichomo nimekitia kwa mkono wangu.

Injini nimeiosha kwa mafuta ya taa na brashi mpaka namba zilizochongwa ubavuni zikasomeka. Plagi zote nne nimezifungua, nikazisugua, nikazipima. Mbao za ubavuni zilibabuka. Nikazipiga msasa, kisha vanishi mikono mitatu. Mwisho, Jumanne, nikapaka mstari wa kijani kuzunguka madirisha, maji yasipenye. Ndiyo rangi niliyokuwa nayo.

Bakari ndiye aliyenishikia mkebe.

"Inang'ara, mdogo wangu," akasema.

Leo mchana mlangoni kwake ikasimama gari ya kukodi kutoka Chake Chake, imefungwa asumini. Nikamuuliza kulikoni.

"Wakwe hawataki kijani. Rangi ya chama cha wapinzani wao. Wamesema hata kanga ya kijani isiingie uani kwao."

"Wamesema lini?"

Akatazama viatu vyake. "Jumapili."

Jumapili!

Sasa naelewa. Gari yangu aliionea haya, ulimi ukamshinda kuniambia, akaiachia rangi iseme. Akanishikia na mkebe.

Zuwena akapakiwa. Nilimwona akigeuka kunitafuta.

Gari ile ni ya watu watano. Wanawake wa kwetu waliovaa tayari ni kumi na mmoja. Hesabu hiyo miye niliipiga kabla injini yao haijawaka. Bakari akaipiga baada ya vumbi kutua. Akanijia.

"Mchukue Mama na wenzake. Ila washushe nje ya kijiji, watembee kidogo."

Mama alikuwa kibarazani, akasikia. "Nitembee miye? Weye na vyama vyako! Chama changu magoti haya, na yameshajiuzulu."

Wanawake wakacheka. Bakari hakucheka. Akapanda nyuma.

Tulipofika Gando nikapunguza mwendo. Mama akanigonga bega. "Ingia mpaka mlangoni, mwanangu."

Nikaingia. Kijani chote nje, jua linakipiga.

Wakwe wakaitazama gari. Wakamtazama Mama. Wakaja mbio kumshika mkono ashuke. Baba wa bwana harusi akapitisha kiganja juu ya mbao, akasema, "Kazi safi hii. Fundi nani?"

Alimuuliza Bakari, aliyekuwa karibu naye.

Bakari akasema twendeni ndani, watu wanangoja.

Nimerudi peke yangu. Mstari ule kwa kisu kikali ni kazi ya asubuhi moja, lakini siukwangui. Kinachonikaa kooni ni kingine. Bakari ni kaka yangu, shikamoo ni haki yake, na hupita hapa kila asubuhi akienda sokoni.

Kesho akipita, shikamoo hiyo itanitoka?