Sahihi ya Jaji Mutalemwa

Mwanza, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mjukuu wako Gladness amepona kikohozi. Magoti yako je?

Nakuandikia kwa sababu haya si ya simu. Kesi ya kiwanja ya Mama Paskazia, yule mjane wa mtaa wa Pasiansi, inaitwa tena tarehe 20. Marehemu Jaji Mutalemwa alimpa ushindi mwaka 2009, lakini hapa masjala kwetu jaladani nimekuta nakala kivuli tu, haina sahihi ya wino. Wapinzani wanasema imeghushiwa. Hukumu halisi isipopatikana, atavunjiwa nyumba.

Karani wa masjala wakati ule ulikuwa wewe. Naomba ufungue lile sanduku lako la kumbukumbu za Jaji, uangalie.

Mwanao,
Rebeka

Nansio, 8 Machi 2024

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Magoti ni yaleyale.

Sandukuni mna kalamu ya Jaji, kadi zake nne za Krismasi, tai aliyonipa siku ya kustaafu, na sahihi zake za wino thelathini na moja, kila moja kwenye hukumu yake. Wenzangu wanakusanya picha za wachezaji mpira. Mimi nimemkusanya mtu aliyekataa rushwa. Kuna ubaya gani? Nakala niliyoacha jaladani inasomeka vizuri tu.

Hayo mengine achana nayo.

Baba yako

Mwanza, 11 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Kumbe ni wewe! Nimekasirika sana.

Leo asubuhi Mama Paskazia alikuja dirishani kwangu kazini na sato wa kukaanga, akasema ananiamini. Nilishindwa kumtazama usoni. Itume hiyo hukumu, nitairudisha jaladani kimyakimya. Jaji wako angekuwa hai ungemwambia nini?

Rebeka

Nansio, 15 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi leo siziwezi. Hukumu ninayo, na siitumi. Ukikamatwa unairudisha, utafungwa wewe kwa kosa langu. Nakuja nayo Jumatatu kwa meli ya asubuhi, nitasema niliitoa mimi.

Hapo kazini unatumia jina la mumeo, hawajui wewe ni wangu. Usije kunipokea. Nikifika dirishani, niulize shida yangu kama mteja yeyote. Naogopa, sikufichi.

Baba yako

Ujumbe wa simu, 17 Machi 2024

Baba shikamoo. Barua imefika. Kesho nitakuwa bandarini na Gladness. Tutaingia mahakamani pamoja, na nitawaambia wewe ni baba yangu kabla hawajauliza. Mwanao, Rebeka.