Breki ya Mbele ya Pikipiki ya Baba

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, mama anakusalimia, na paka kazaa kwenye kapu la nguo. Mimi nimekaa sebuleni na pikipiki ya baba, ile isiyo na kiti, aliyokuwa akipanda nayo mawe kwenye mashindano. Nimeifungua yote nimtengenezee, na kinyaa kimenijaa.

Kwenye chujio la hewa nimekuta soksi. Soksi yako, na bado inanuka! Tundu la tangi umeliziba kwa sabuni ya kufulia. Huo si ufundi, ni kulipua kazi, nawe ulipomrudishia ulimwambia baba, "Iko fiti, mzee, panda tu."

Hayo ningekusamehe. Lakini kebo ya breki ya mbele ilikuwa imekatika, ukaiunga kwa waya wa kuanikia nguo, ukazungushia tepu nyeusi na kupaka grisi juu yake ili isionekane. Fundo la waya limefunguka.

Unakumbuka baba alivyoporomoka jabalini akavunjika nyonga? Anasema breki ilikuwa nzima, ila mkono wake umezeeka, haukubana vizuri. Tangu atoke hospitali, kila asubuhi hukaa kitandani akiminya kimpira ili mkono upate nguvu.

Leo nimemnyang'anya hicho kimpira.

"Kwa nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Mwanao wa kiume atakuandikia akueleze."

Basi andika. Ameshavaa miwani.

Dada yako